Daktari wa eksirei aliyekatwa mkono: ni kweli, na je, nimzuie mwanangu?

SWALI: "Mtaalamu, habari za kazi. Mwanangu wa kiume amechaguliwa chuo kusomea upigaji picha za eksirei. Nilifurahi sana, lakini jirani yetu aliyewahi kufanya kazi hospitalini ameniambia kwamba mtu wa kwanza kupiga eksirei alikatwa mikono, na wenzake wengi walikufa kwa saratani. Anasema ndiyo maana hadi leo mpiga picha akishakuweka sawa anakimbilia nyuma ya ukuta na kukuacha peke yako. Wengine wanasema kazi hiyo inaua uzazi wa wanaume. Huyo mtu alikuwa nani? Nimzuie mwanangu?" – Mama, Muheza

JIBU: Mama, salama. Jirani yako hakukudanganya, ila amechanganya watu wawili. Aliyegundua eksirei ni Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen, na huyo alifariki mwaka 1923 akiwa na mikono yake yote miwili. Anayemsema nadhani ni John Hall-Edwards, daktari wa Birmingham, Uingereza, mmoja wa madaktari wa mwanzo kabisa kuitumia eksirei kwa wagonjwa. Mkono wake wa kushoto ulikatwa mwaka 1908, na wa kulia ukabakiwa na dole gumba tu. Habari zake nitakupa kwa kirefu, kwa sababu ukishajua mkono ule uliharibiwa na nini hasa, sehemu kubwa ya swali la mwanao itakuwa imejibika.

Tuanze na Röntgen kwa ufupi. Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, katika maabara yake mjini Würzburg, alikuwa akipitisha umeme wenye nguvu ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa. Bomba alikuwa amelifunika kwa kadibodi nyeusi, mwanga usitoke. Hata hivyo, karatasi iliyopakwa dawa ya bariamu iliyokuwa kando ikaanza kung'aa gizani. Kulikuwa na kitu kinachopita kwenye kadibodi. Alijifungia na jambo hilo kwa wiki kadhaa, tarehe 22 Desemba akapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana, na tarehe 28 Desemba akawasilisha makala yake. Hakutaka hataza, akasema ni mali ya wote. Mwaka 1901 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kutolewa.

Kwa nini yeye alisalimika? Bahati, na utaratibu wake wa kazi. Ili picha zake zisiharibiwe na mwanga, alijijengea kibanda cha bati la zinki akawa anafanyia majaribio humo ndani, huku bomba likiwa nje, na baadaye akaongeza bamba la risasi, yaani ile metali nzito, upande wa bomba. Hakufanya hivyo kwa kuogopa mionzi, lakini bati na risasi vikamkinga vivyo hivyo. Halafu hakuwa na wagonjwa. Baada ya makala chache alirudi kwenye fizikia yake nyingine.

Sasa Hall-Edwards. Alizaliwa Birmingham mwaka 1858, akasomea udaktari hapo hapo, na kando ya udaktari alikuwa mpiga picha hodari, mtu wa kamera na chumba cha giza, anayeheshimika kwenye vyama vya wapiga picha vya nchi yake. Hilo ndilo lililomtanguliza. Habari za Röntgen zilipofika magazetini wiki ya kwanza ya Januari 1896, vifaa vya kujaribu havikuwa adimu. Bomba la aina hiyo na mtambo wa kuzalisha umeme wa volti nyingi vilikuwamo kwenye maabara nyingi za fizikia Ulaya na Marekani. Madaktari wengi walichokosa ni ujuzi wa kuosha bamba la kioo likatoa picha inayosomeka. Hall-Edwards alikuwa nao tangu zamani.

Tarehe 11 Januari 1896, wiki mbili tu baada ya Röntgen kuwasilisha makala yake, alipiga picha ya mkono wa mwenzake aliyekuwa amechomekwa sindano chini ya ngozi, na sindano ikaonekana wazi. Mwezi uliofuata lilikuja jambo la kweli. Mwanamke mmoja alikuwa na sindano iliyovunjikia mkononi, na tarehe 14 Februari daktari wa upasuaji aliitoa akiongozwa na picha ya Hall-Edwards. Mama, fikiria kabla ya hapo ilikuwaje: kipande cha chuma kimezama kwenye nyama, hakionekani wala hakishikiki, na daktari anapasua huku anapapasa, pengine anakikosa na kukata mshipa au kano. Mara ghafla anacho kioo mkononi kinachomwonyesha kipo wapi na kimelalia upande gani.

Waingereza humwita wa kwanza kwa hilo. Mimi sipendi kubishana sana juu ya nani wa kwanza, maana majuma yale watu walikuwa wakifanya jambo lile lile katika miji mingi bila kujuana. Tarehe 3 Februari, huko Dartmouth Marekani, kijana mmoja aliyevunjika mkono alipigwa picha iliyochukua dakika 20. Tarehe 7 Februari, Montreal, Kanada, profesa John Cox alipiga picha ya mguu wa mtu aliyepigwa risasi usiku wa Krismasi. Alisubiri dakika 45, risasi ikaonekana, ikatolewa. Wote hao ni wa mwanzo. Tofauti ya Hall-Edwards ni kwamba wengine wengi walijaribu mara moja mbili wakarudi kwenye kazi zao, yeye akaifanya eksirei kuwa ndiyo kazi yake. Alipiga picha ya uti wa mgongo wa mtu aliye hai wakati wengine bado wanahangaika na vidole. Mwaka 1899 akapewa nafasi ya daktari wa eksirei katika Hospitali Kuu ya Birmingham. Mwaka 1900, vita vya Makaburu vilipopamba moto, akaenda Afrika Kusini na hospitali ya kijeshi iliyopigwa kambi Deelfontein, katika nyanda kame za Karoo, akakaa zaidi ya mwaka akitafuta risasi na vipande vya mabomu ndani ya miili ya askari.

Huko alipelekwa akiwa tayari ana mikono mibovu. Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini.

Bomba la eksirei la siku zile halikuwa kama la leo. Lilikuwa tufe la kioo chembamba, hewa yake imetolewa karibu yote, ikabakishwa chembe. Hiyo chembe ndiyo iliyofanya kazi, kwa kuwa bila hiyo umeme ulikuwa haupiti. Tabu ni kwamba kila bomba lilipotumika, kioo na chuma vya ndani viliinyonya ile hewa iliyobaki. Hewa ikipungua, umeme unahitaji nguvu zaidi kupita, na mionzi inayotoka inakuwa kali: inapenya nyama, inapenya na mfupa pia, picha yote inakuwa kijivu na haina maana. Wenyewe walisema bomba limekuwa gumu. Ukilipasha moto kidogo kwa taa ya spiriti, hewa iliyonyonywa inatoka, bomba linalainika. Ukizidisha, linalainika mno, mionzi haina nguvu hata ya kuvuka kiganja. Kwa hiyo bomba moja asubuhi lilikuwa hivi, mchana vile, na kila bomba lilikuwa na ukorofi wake.

Daktari atajuaje bomba lake likoje kabla hajamweka mgonjwa? Mita hakuna. Alizima taa, akasubiri macho yazoee giza, akawasha bomba, akashika skrini inayong'aa, kisha akapitisha mkono wake mwenyewe katikati. Akitazama kivuli cha vidole vyake akiona mifupa myeusi tii na nyama nayo imekoza, anajua bomba ni laini mno, halitampa kitu kwenye bega wala nyonga. Akiona mifupa imefifia kama moshi, bomba ni gumu, alipashe moto kidogo. Akiona mfupa umekolea vizuri na nyama ni kivuli chepesi, basi mgonjwa aingie. Mgonjwa wa pili akija, anapima tena. Katikati ya kazi bomba likionekana limegeuka, anapima tena. Wageni wakija kushangaa hiki kitu kipya, na walikuja kweli, kwa madarasa na kwa mikutano, mkono unaoonyeshwa ni ule ule wa daktari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mama. Mkono wa daktari ndio uliokuwa kipimo cha mashine. Mgonjwa alikaa mbele ya bomba mara moja, akaenda zake. Mkono wa daktari ulikaa mbele ya bomba kila siku, mara nyingi kwa siku, karibu kabisa na kioo, miaka na miaka.

Utaniuliza, hawakuona? Waliona, na mapema. Mwezi Aprili 1896, huko Marekani, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliandika kwamba mwenzake, mkuu wa kitivo, alikubali kichwa chake kijaribiwe kwa saa nzima bomba likiwa karibu sana na nywele. Siku ile hakuona lolote. Siku ya 21 nywele za upande ule zikadondoka. Hizo siku 21 ndizo zilizowapoteza watu. Moto ukikuunguza unajua saa ile ile, unatoa mkono. Eksirei haiumi, haina joto, haina harufu. Inachofanya ni kuharibu yale maandishi ya ndani ya seli, yaani DNA, hasa katika tabaka la chini la ngozi ambako seli mpya huzaliwa. Seli iliyoharibiwa inaweza kuendelea kuishi vizuri tu mpaka siku inapojaribu kugawanyika, hapo ndipo inapokufa. Na ngozi ya juu unayoiona inaendelea kuwapo mpaka ilike kwa kawaida yake, kisha chini yake hakuna ya kuchukua nafasi. Ndiyo maana kidonda huja baada ya majuma. Uharibifu mwingine ni wa polepole zaidi: mishipa midogo ya damu huziba, ngozi hukosa lishe, na baadhi ya seli ambazo hazikufa hubaki na makosa ndani yake, na baada ya miaka mingi hugeuka saratani.

Kwa kuwa muda ulikuwa mrefu kati ya sababu na matokeo, kila mtu alisema lake. Wengine walisema ni umeme unaovuja kwenye bomba. Wengine wakasema ni dawa za kuoshea picha. Wengine wakawalaumu wapigaji kwamba hawajui kazi. Mhandisi Elihu Thomson aliamua kujaribu: mwishoni mwa mwaka 1896 akaweka kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto mbele ya bomba kwa makusudi, kidole kimoja tu. Baada ya siku kadhaa kikavimba, kikawa chekundu, kikaota malengelenge, na hakikupona upesi. Akawaonya wenzake. Mwaka 1901 daktari wa meno wa Boston, William Rollins, akaonyesha kwamba mionzi inaweza kumuua simbilisi, mnyama mdogo wa maabara, hata kama hagusi umeme wowote, akashauri bomba liwekwe ndani ya sanduku la risasi na mpigaji avae miwani ya kinga. Wachache sana walimsikiliza. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kuhuzunisha kuliko zote, kwamba maarifa yalikuwapo tangu mapema, nao wakaendelea.

Kwa Hall-Edwards mambo yalianzia kwenye kucha na ngozi inayozizunguka. Wekundu, kisha ukavu, kisha nyufa zisizofunga. Ngozi ya nyuma ya mikono ikawa ngumu na nyembamba kwa pamoja, ikaota chunjua nyingi, na baadhi ya chunjua zikageuka vidonda. Maumivu hayakuwa ya kawaida. Watu wenye ugonjwa huu walikosa usingizi. Mwaka 1904 aliandika makala kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu ugonjwa sugu wa ngozi unaoletwa na eksirei, akiwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa anayeelezwa. Kwa daktari ambaye sifa zake zote zimejengwa juu ya eksirei, kusimama mbele ya wenzake na kusema hiki chombo ndicho kilichonifanya hivi si jambo dogo.

Mwaka 1908 saratani ilikuwa imeingia. Mkono wa kushoto ukakatwa chini ya kiwiko. Muda mfupi baadaye wakakata vidole vinne vya mkono wa kulia. Mkono ule uliokatwa ulihifadhiwa, na umekuwa ukitunzwa katika jumba la makumbusho ya magonjwa la Chuo Kikuu cha Birmingham, wanafunzi wa udaktari wautazame. Serikali yake ilimpa pensheni ya pauni 120 kwa mwaka, kwa kutambua alichopoteza.

Alikuwa na miaka 49. Wengi wangeishia hapo, lakini yeye aliishi miaka mingine 18, tena kwa shughuli. Alijifunza kuchora picha za mandhari kwa kile kilichobaki cha mkono wa kulia. Aliendelea na tiba ya ngozi, akaandika kitabu kuhusu matumizi ya theluji ya kabonidayoksaidi, baridi kali inayotumika kuunguza chunjua na uvimbe wa ngozi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza akarudi jeshini kama daktari, akafikia cheo cha meja. Mwaka 1920 akaingia kwenye baraza la jiji la Birmingham.

Kuna kisa kimoja chake ninachokipenda, ingawa hakihusu swali lako. Mwishoni mwa mwaka 1920 mwandishi Arthur Conan Doyle alitangaza gazetini kwamba wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley wamepiga picha za vichimbakazi halisi, viumbe vidogo wenye mabawa wakicheza bustanini. Nchi nzima ikazungumza. Hall-Edwards akaandika kuzipinga picha zile: kwa anavyojua upigaji picha, zingeweza kughushiwa kwa urahisi, na kuwajaza watoto mambo ya namna hiyo ni kuwaharibu akili. Wasichana wale walikiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe, kwamba vilikuwa vikaratasi walivyovichora na kuvisimamisha kwa pini za kofia. Mzee alikuwa ameshatangulia siku nyingi. Alifariki tarehe 15 Agosti 1926, akiwa na umri wa miaka 67.

Hakuwa peke yake, na hapo pia jirani yako amesema kweli. Clarence Dally, fundi wa vioo wa Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili na akafariki mwaka 1904 akiwa na miaka 39. Edison akaacha kabisa kazi ya eksirei. Elizabeth Fleischmann, mwanamke wa San Francisco aliyesifika kwa picha zake za askari waliojeruhiwa, alifariki mwaka 1905 baada ya kukatwa mkono. Mihran Kassabian, daktari mwenye asili ya Armenia aliyefanya kazi Philadelphia, alikuwa akiipiga picha mikono yake mwenyewe kadiri ilivyoharibika, ili wenzake wajifunze, mpaka alipofariki mwaka 1910. Mwaka 1936 Wajerumani walisimamisha mnara wa mawe katika bustani ya hospitali ya St. Georg, Hamburg, wenye majina ya watu wa nchi mbalimbali waliokufa kwa mionzi. Mara ya kwanza yalikuwa zaidi ya 150, na baadaye wakaongeza mengine.

Ukitazama majina hayo, wengi ni wa kizazi kimoja, walioanza kazi katika miaka ile ya mwanzo. Kilichobadilika ni nini? Mengi, lakini mimi naanza na bomba. Mwaka 1913 Mmarekani William Coolidge alitengeneza bomba lisilotegemea chembe ya hewa. Ndani yake kuna waya unaopashwa moto ukatoa elektroni, yaani chembe ndogo za umeme; ukitaka mionzi mingi unaongeza joto la waya, ukitaka mionzi ya kupenya zaidi unaongeza volti, na vyote viwili vinasomwa kwenye mita. Bomba likawa lile lile asubuhi na jioni. Hapakuwa tena na sababu ya mtu kuweka mkono wake mbele ya skrini. Kisha yakaja masanduku ya risasi, vyumba vya kuta nene, kamati ya kinga ya Uingereza mwaka 1921, na kamati ya kimataifa iliyoundwa Stockholm mwaka 1928, ambayo mapendekezo yake ndiyo msingi wa sheria za kinga katika nchi nyingi, na yetu ikiwamo.

Sasa huo ukuta unaomtia jirani yako wasiwasi. Picha ya kifua leo inachukua sehemu ndogo ya sekunde, na dozi yake kwa kawaida haifiki milisiverti 0.1 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Kila mmoja wetu, kwa kuishi tu juu ya ardhi hii, hupata wastani wa kama milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, angani na ndani ya chakula. Kwa hiyo mgonjwa anayepigwa kifua hupata mionzi ya asili ya siku chache, na anapata jibu la kama ana kifua kikuu au hana. Ni biashara nzuri kwake. Mpiga picha hapati jibu lolote kutokana na picha ya mtu mwingine, na anapiga wagonjwa kadhaa kwa siku, siku nyingi kwa mwaka, kwa miaka thelathini. Akibaki chumbani, kila mara atapata kidogo kinachoruka kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Anajitenga kwa sababu ya idadi, si kwa sababu picha moja ni sumu. Hata bila ukuta, umbali wenyewe ni kinga: ukisogea kutoka mita moja hadi mbili, mionzi inabaki robo.

Kwa hiyo usimzuie. Ila kuna mambo ningependa ayajue tangu siku ya kwanza, na mengine hayafundishwi kwa sauti ya kutosha.

Atapewa beji ndogo ya kupimia mionzi, ya kuvaa kifuani. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia mambo haya na kuzisoma beji hizo. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na kwenye chumba cha eksirei za kawaida kinachoendeshwa sawasawa, wengi hawafikii hata moja ya kumi yake. Lakini beji haina maana ikikaa kwenye droo. Nimeingia vituoni nikakuta beji zimepangwa vizuri kwenye kikombe juu ya meza, wenyewe wako kazini. Majibu yakirudi yanaonyesha dozi ya kikombe. Mwanao aivae, na aulize majibu yake kila yanapotoka. Ni haki yake.

La pili ni kushika wagonjwa. Mtoto analia, mzee hawezi kusimama, foleni ni ndefu, na mwanafunzi ndiye anayeambiwa, "Hebu mshike." Akatae kwa adabu. Mgonjwa akihitaji kushikwa, ashikwe na ndugu aliyekuja naye, asiye mjamzito, akiwa amevaa aproni ya risasi, na mikono yake isiingie kwenye miale. Ndugu atafanya hivyo mara moja maishani. Mwanafunzi akizoea, atakuwa anafanya kila siku, na mikono yake itakuwa imerudi pale pale ilipokuwa ya Hall-Edwards. Akubali kuitwa mvivu.

Akija kusomea baadaye kazi za chumba cha upasuaji, ambako mashine huonyesha picha zinazotembea wakati daktari anaunga mfupa au anapitisha waya kwenye moyo, hapo kuna mionzi mingi zaidi na watu wanasimama karibu. Aproni, kinga ya shingo, miwani ya risasi, na kusimama upande ambao bomba halipo, vyote vizingatiwe.

Limebaki la uzazi, na hilo lina ukweli wake wa zamani. Mwaka 1903, huko huko Hamburg, Heinrich Albers-Schönberg alionyesha kwamba sungura dume na simbilisi dume waliomulikwa eksirei wanakosa mbegu hai. Miaka miwili baadaye madaktari wa New York wakawapima wanaume waliofanya kazi ya eksirei bila kinga, wakakuta wengi hawana mbegu kabisa, ingawa wenyewe hawakujisikia tofauti yoyote. Uvumi uliousikia una mizizi huko. Lakini tazama viwango: ili mbegu zipungue kwa muda, korodani zinahitaji kama milisiverti 100 kwa mkupuo mmoja, na ili mwanamume awe mgumba moja kwa moja zinahitaji elfu kadhaa. Mpiga picha wa leo anayesimama nyuma ya ukuta na kuvaa beji yake hafiki huko kwa kazi ya maisha yake yote. Mimi mwenyewe nimeifanya kazi hii tangu ujanani, na ada za shule za wanangu ninazilipa hadi sasa.